Boriti ya Mtoto Wetu

Mama Atupele,

Umekufa. Ulianguka kwenye migomba Jumanne asubuhi, presha, tukakubeba mpaka hospitali, jioni wakatuambia basi. Tumekuzika Alhamisi hapa hapa Kyimo, nyuma ya nyumba, karibu na mama yangu.

Mimi barua siziwezi, unajua. Niliishia la nne. Atupele ndiye kaniambia, "Baba andika, usikae na maneno tumboni. Hata wengine wakisoma si aibu." Haya, naandika. Nataka ujue habari ya mtoto, maana ukoo ulitaka asirudi tena chuo Dar, akae hapa anipikie. Na wewe ndiye ulikuwa mdomo wangu kwenye mambo ya ukoo.

Nakumbuka likizo ile Atupele alivyokuja na waya. Mvua ilikuwa haikati. Mimi nilikuwa Bagamoyo yetu ya hapa Tukuyu, kwenye zile fremu za maduka, saidia fundi, nabeba zege. Narudi nimelowa nataka chai, nakuta birika kavu na nyie wawili mnacheka mpaka mmekaa chini.

"Chai iko wapi?"

"Imenyweshwa waya," ukasema.

Nikadhani mmerogwa. Ukanionyesha. Kawaya kadogo, mwalimu wake kaleta toka nje. Ukakakunja kunja kama mkia wa nguruwe, ukakamwagia maji ya moto yaliyobaki. Kakaruka, kakanyooka kenyewe, kama hakajawahi kukunjwa. Atupele akasema ni chuma kinachokumbuka umbo lake.

"Kama baba yako huyu," ukamwambia. "Mkunje unavyotaka, akipata cha moto tumboni ananyooka."

Nililala bila chai siku ile. Lakini nilicheka.

Halafu ukamwuliza, sasa mnasomea waya miaka yote hiyo? Akatueleza. Wewe ulikuwa unachambua maharage, mimi nakausha miguu kwenye moto. Akasema wanataka kutengeneza boriti inayohisi. Ndani mnaweka vitu vidogo vya kusikia mzigo, kama mishipa, na waya kama hizo za kuvuta. Mzigo ukizidi, boriti inajua, inajikaza yenyewe. Nyumba ikitikiswa na ardhi, kuta zinajishika. Ukaangalia ule ufa wa ukuta wetu, ulioachwa na tetemeko lile tulilokimbilia nje na mablanketi.

"Sasa nyumba itakuwa inaumwa?"

"Ikiumwa itasema, mama."

"Afadhali nyumba. Baba yako akiumwa hasemi."

Na wewe je? Mwezi mzima kabla hujaanguka kichwa kilikuwa kinakuuma. Unafunga kitambaa, unasema ni jua. Jua gani, Rungwe, masika? Nimekukasirikia kwa hilo mpaka leo. Basi, nimesema.

Tukauliza kompyuta inaingia wapi. Akasema boriti moja ukiigawa vipande vidogo vidogo, kila kipande kina hesabu yake, kinamvuta jirani na kinavutwa. Mtu hawezi kuzipiga zote hizo kwa mkono, atazeeka. Mashine inazipiga. Halafu hakuna anayejua mishipa iwekwe wapi na waya zikae wapi. Basi mashine inabuni. Inatoa boriti za kila namna, inazipima, mbovu inatupa, nzuri inazichanganya zizae nyingine, inapima tena.

"Ndivyo nachagua mbegu mimi," ukasema, umeshika haragwe.

"Ndivyo, mama. Ila mashine inapita misimu mingi kwa siku moja."

"Na nani anapalilia?"

Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilimwuliza jambo langu. Hizo boriti mbovu zikivunjika, nani anaumia? Akasema hakuna, baba, zinavunjikia ndani ya kioo cha kompyuta. Hapo nikakumbuka kazini kwetu. Sisi mirunda, ile miti ya kushikilia zege, ikiachia, aliyepo chini ndiye kioo. Gwakisa unamjua, zege lilimwangukia pale pale Bagamoyo, mpaka leo anatembelea magongo. Nikaona hiyo kazi ni ya maana, hata kama siijui.

Siku ya kukuzika mvua ilinyesha toka alfajiri. Jeneza tulibeba mabegani wanaume, ile njia ya kushukia nyumbani toka barabarani tope lote. Shemeji yako kutoka Kisondela alikuwa mbele kulia. Akateleza, goti chini. Mabega yetu yakapanda yenyewe, mzigo ukahamia kwetu, hukuanguka. Ila aliyekuwa nyuma alichelewa. Akanyanyua wakati sisi tumeshatulia, jeneza likaenda upande wa pili, tukayumba wote. Wanawake wakapiga kelele. Tukalishika.

Jioni watu wanakula, nikamkuta Atupele nyuma anaosha masufuria, analia.

"Baba, mimi nimekosa akili."

"Kwa nini?"

"Naona jeneza la mama linayumba, nawaza hesabu."

Akanieleza. Boriti yake ndiyo ugonjwa wake huo. Inahisi vizuri, inavuta vizuri, lakini inachelewa. Ikivuta kwa kuchelewa inajitikisa yenyewe kuliko ilivyotikiswa. Miezi yote anatafuta namna ya kuifundisha ivute mapema au iache kabisa. Na yule wa nyuma akamwonyesha kitu kile kile, kwenye jeneza lako wewe.

Nikamwambia, mama yako angecheka. Akasema, "Kweli?" Nikasema angecheka halafu angeuliza huyo wa nyuma ni nani tumseme. Akacheka kidogo, na machozi. Hapo ndipo niliielewa kazi yake. Niliielewa begani. Nikajua arudi.

Lakini chuo kinafungua wiki hii. Mashine kubwa ni moja, wanakaa kwa zamu, asipokuwepo zamu anapewa mwingine na mwaka anarudia. Sijui kama angerudia. Msichana akishakaa nyumbani mwaka, unajua mambo yalivyo.

Siku ya kuondoa matanga tukakaa. Kaka akaanza. Akasema ndugu zangu, marehemu ametangulia, mdogo wangu amebaki peke yake, nani atampikia? Mtoto ni mmoja, wa kike. Atakaa mpaka mwaka wa msiba uishe. Wote wakaguna ndiyo. Dada yangu, shangazi yake, akasema, "Kwani vyuma vinaoza? Vitamsubiri."

Atupele akaangalia chini. "Sawa, shangazi."

Ile sawa ilinichoma. Huyu aliyebishana na walimu wa Dar anasema sawa.

Maneno mimi sina. Nikasimama.

"Unakwenda wapi? Kikao hakijaisha," kaka akasema.

Nikaingia jikoni kwako. Wanawake waliokuwemo wakatoka wanakimbia wanacheka. "Jamani, mfiwa kaingia jikoni! Njooni muone!" Kwetu hapa mwanaume jikoni ni aibu, na mfiwa ni aibu mara mbili, wanasema unamfukuza marehemu. Wewe hukufukuzwa. Nilihisi uko hapo umeegemea mlango unaniangalia navyoshika kisu vibaya. Nikamenya ndizi. Nikaweka maharage uliyoyaacha umeyachambua. Moshi ukaniua macho. Nje nikawasikia wanabishana.

Nikatoka na mbalaga, ndizi zile na maharage yake, kwenye sinia, nikaweka katikati ya kikao.

"Kuleni."

Kaka akachukua. Akatafuna. "Chumvi?"

"Nimesahau."

"Na hii nyeusi?"

"Imeungua."

Dada akaonja. Akafunika uso na kitenge, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu ikawa kulia kweli. "Kaka yangu, utakufa na njaa."

"Nitakula hii hii. Kesho nitaweka chumvi. Atupele anaondoka."

"Watu watasemaje?"

"Watasema nimeunguza ndizi."

Kaka alikaa na lile donge la ndizi mkononi, analigeuza. Wewe ungemwambia jambo la kumlainisha. Mimi nilimwangalia tu. Mwisho akalimeza. Akamwambia mtoto, "Hiyo boriti yako, ukimaliza, utakuja kutuonyesha?" Atupele akasema, "Nitakuja, baba mkubwa." "Ndaga," kaka akamshukuru. Ikaisha. Sinia walilimaliza, usiniulize kwa nini.

Leo asubuhi nimempeleka stendi Tukuyu. Kabeba ndizi mbivu na parachichi, kabeba kitenge chako cha bluu, sikumkatalia. Basi linaondoka akatoa kichwa dirishani anapiga kelele, "Baba, chumvi!" Stendi nzima ikanitazama. Nikampungia.

Nimerudi nyumbani. Pamepwaya. Nimekaa upande wangu wa kitanda, sijui kwa nini bado nasema upande wangu. Kuku wako wamenifuata mpaka mlangoni, wanadhani nina kitu. Nimewapa. Nimepika tena, nimeweka chumvi, nimezidisha. Nimekula.

Sikuwahi kukuambia vizuri. Ulikuwa unasema mimi nikipenda kitu nanyamaza, na kitu kikiniudhi nanyamaza, utajuaje. Basi jua. Ilikuwa kupenda. Miaka yote, mara nyingi ilikuwa kupenda.

Pumzika, mama. Mvua imeanza tena huku. Fundi kaniita, wanamwaga zege ya paa pale Bagamoyo na watu ni wachache.

Kesho narudi kazini.

Mumeo,
Baba Atupele