Salamu za Saa Nne kutoka Mombasa

Jumatatu, 1 Agosti 1960

Wesha, pwani ya Pemba, asubuhi. Redioni Tanga safi, utadhani iko nyuma ya mikoko. Dar es Salaam inakwaruza. Mombasa imekuja saa tatu na nusu, ikazama, ikarudi. Waya wa ardhini nimeuhamisha. Sasa umezikwa kwenye tope, si mchangani tena. Tofauti kubwa.

Usiku kila mpuuzi mwenye redio anaipata Mombasa, na Kairo, na Bara Hindi lote linaloimba. Mchana ndio kazi. Jua linayameza mawimbi ya kati. Ukiwa mjini Chake, Mombasa ya mchana huipati, unapata mlio wa samaki anayekaangwa tu. Lakini hapa pwani maji ya chumvi yanaibeba sauti mpaka ikafika. Nimemweleza dada yangu Mgeni mara ngapi. Anasema kwa nini nisingoje usiku kama watu wengine.

Nimefungua duka mchana sana. Saa mbili za ukutani zinaningoja, na redio ya mwalimu mmoja iliyoingia mende. Sikugusa kitu. Mawazo yote yako Alhamisi ya wiki ijayo, nitakapokuwa mume wa Riziki. Nimeandika hivyo makusudi, nione maneno yanavyokaa. Yanakaa vizuri.

Jumatano, 3 Agosti

Wino umemwagika ukurasa wa juzi.

Nimemsikia Faki.

Niandike kwa utaratibu. Nilikuwa Wesha. Saa nne Mombasa ilikuja vizuri kuliko siku zote. Kipindi cha salamu. Mtangazaji kaenda bandarini na mashine ya kunasa sauti, makuli wanasema mmoja mmoja. Sikuwa nasikiliza maneno, nilikuwa nashughulika na waya. Halafu mtu akacheka. Akacheka kwanza, ndipo akasema. Hakuna binadamu mwengine niliyewahi kumjua anayecheka kabla ya kusema. Alikuwa akifanya hivyo tangu chuo cha Kurani, tukipigwa bakora kwa ajili yake. Nikaacha waya. Sauti ile ile. Nimepata "mke wangu" na "bandari", kisha ikazama. Mtangazaji aliporudi alikuwa anaaga. Kasema watarudia Jumamosi, saa hiyo hiyo.

Faki alikufa miaka mitatu nyuma. Mashua yao ilizama njiani kwenda Mombasa. Wengine waliokotwa, yeye hakuonekana, lakini sanduku lake lilitupwa ufukweni. Kadhi akahukumu. Riziki akakaa eda mpaka ikaisha. Khitma nilisoma mimi pamoja na watu wengine, na machozi yalinitoka mbele za watu, mimi nisiyelia.

Riziki alikuwa mke wake.

Sijala tangu asubuhi.

Alhamisi, 4 Agosti

Duka sikufungua. Nimejiambia kwamba ni mtu mwengine. Dunia kubwa, sauti zinafanana. Redio yenyewe imechoka, betri zake za mwaka jana. Nimejiambia hivyo mpaka nikachoka kujisikia.

Kisha likaja jambo jengine, naliandika hapa kwa kuwa hapana atakayelisoma. Hapana mwengine Pemba nzima anayeisikia Mombasa saa nne asubuhi. Ni mimi tu na waya wangu. Nikinyamaza, hapana anayejua. Ndoa itafungwa, pilau italiwa, na huyo kuli wa bandarini atabaki kuli wa bandarini.

Nimelitazama wazo hilo muda mrefu. Naliona zuri, na nimejichukia kwa kuliona zuri. Maana kama Faki yu hai, Riziki bado ni mke wake, na mimi nikiingia ndani siingii kwa mke wangu. Naingia kuzini. Maisha yangu yote, kila usiku, na watoto nitakaowazaa.

Mgeni kaleta kanzu ya harusi kutoka kwa fundi cherehani. Kanilazimisha niijaribu. Imenibana kwapani. Kasema nimenenepa kwa furaha.

Ijumaa, 5 Agosti

Baada ya sala nimebaki msikitini nikamngoja Shehe Mansuri. Ndiye atakayetufungisha. Ni mtu wa Unguja, kahamia hapa mwaka jana, Faki hakumjua. Nikamuuliza suala kama ni la mtu mwengine. Kuna mtu fulani, nikasema, anataka kumwoa mjane fulani.

Akanitazama. "Fundi Kombo, huyo mtu fulani kanzu yake imeshakwisha kushonwa?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Kasema kadhi kahukumu na hukumu ipo mpaka ije yakini. Sauti peke yake si yakini, na mimi ndiye bwana harusi, siwezi kuwa shahidi wa jambo langu. Lakini yupo mtu anayemjua mtoto wake hata akikohoa gizani. Tumpeleke mama yake Jumamosi asikilize, na yeye Shehe atakuwepo. Mama akisema ndiye, hapana ndoa. Akisema siye, tumetimiza wajibu wetu mbele ya Mungu.

Mama yake ni Bi Mchanga. Anakaa na Riziki kule Madungu. Tangu msiba hawakuachana, mtu na mkwewe, wanapika chungu kimoja. Nilishakubali kwamba nikimwoa Riziki na bibi atakuja naye.

Alasiri nimekwenda na Mgeni, maana siwezi kwenda peke yangu. Riziki alikuwa anachagua mchele wa harusi, ungo mapajani. Nikasema palepale mlangoni, sikuzunguka. Kama ningezunguka nisingesema. Riziki hakuinua uso. Vidole viliendelea kutoa chuya, kimoja, kingine. Kisha ungo ukamtoka, mchele wote ukamwagika ukumbini. Hapana aliyeinama kuuokota.

Bi Mchanga hakulia wala hakuuliza habari za sauti. Kauliza gari ya Wesha inaondoka saa ngapi.

Jumamosi, 6 Agosti

Nashindwa kuamini niliyoyaona leo. Kuliko hata ya Jumatano.

Tulifika mapema. Mimi, Shehe, Mgeni, Riziki, Bi Mchanga. Nikafunga waya wa juu kwenye mkoko mrefu, nikauzika wa ardhini. Maji yalikuwa yanakupwa. Nikaweka redio juu ya sanduku na bibi akakalishwa mbele yake kwenye mkeka. Shehe aliuliza mara mbili kama ni kweli sauti inatoka Mombasa muda huu, jua kali namna hii. Nikasema ndiyo. Moyoni naomba betri zife. Naapa niliomba.

Hazikufa. Saa nne ikaja safi. Kuli wa kwanza, wa pili, mmoja akamsalimia mbuzi wake, Mgeni akacheka kisha akaziba mdomo. Halafu kile kicheko.

Riziki alishika tawi la mkoko likavunjika.

Safari hii haikuzama hata kidogo. Nimeyaweka maneno yake kichwani yote. Kasema anaitwa Saidi. Saidi! Kuli wa bandarini. Anamsalimu mkewe Zuhura, na mwanawe wa kiume. Na zaidi anamsalimu mama mkwe wake, aliyempokea kama mtoto, ambaye ndiye mama yake hapa duniani, hana mama mwengine. Akacheka tena. Akaja kuli anayefuata.

Nikazima. Tulimlilia mtu huyu. Tuligawa mirathi yake, tukamfutia madeni yake kwa waliomdai, tukamwombea kila Ijumaa. Na yeye yuko ng'ambo hapo anakula, anazaa, amejipa jina jipya. Kumbe hakuzama, alitoroka. Ningekuwa naye pale ningemtia tope mdomoni.

Bi Mchanga alikuwa bado kaegemeza sikio kwenye kitambaa cha redio, ingawa imezimwa. Shehe akamngoja. Kisha akamuuliza kwa upole, "Bi Mchanga, ndiye mwanao?"

Bibi akajitengeza buibui. "Siye," kasema. "Mwanangu kafa majini, nshamlilia nkamaliza. Na mwanangu angenitaja mie."

Shehe akavuta pumzi. Akasema alhamdulillahi, basi jambo limekwisha, Alhamisi ipo pale pale. Akanipa mkono wa pongezi. Nikaupokea. Sijui nilisema nini.

Nilitakiwa kuruka kwa furaha. Kila nilichokitaka nimepewa, tena mbele ya mashahidi. Nikamtazama Riziki. Alikuwa ananitazama mimi, macho makavu. Anajua. Alilala karibu na kicheko kile miaka mingapi, asijue?

Kwenye gari bibi alilala usingizi mzito, kichwa begani kwa Riziki.

Jumapili, 7 Agosti

Mgeni karudi kutoka Madungu na ujumbe. Kaukariri kama mtoto wa chuo, ili asikosee.

"Mwambie Kombo: mama kasema lake na Shehe kasema lake. Mie nna masikio yangu. Aende Mombasa akanletee talaka. Bila hiyo asije kwetu."

Nilivunja kikombe. Kweli, nilikitupa ukutani. Shehe karuhusu! Mama mzazi kakana! Watu wamealikwa, ng'ombe kafungwa uani! Mimi ndiye niliyetoboa siri kwa mdomo wangu mwenyewe wakati ningeweza kunyamaza, na sasa mimi ndiye niadhibiwe? Nimemfokea Mgeni asiye na kosa. Akaenda kufagia vigae.

Jioni nimetulia. Aliyoyasema Riziki ndiyo niliyoyaandika mimi Alhamisi, hapo nyuma kidogo. Tofauti yake ni kwamba yeye kayasema kwa sauti.

Na kuna hofu. Naogopa, nisijidanganye. Nikimtokea Faki na kumwambia mkewe anangoja talaka, itakuwaje akiona wivu? Itakuwaje akisema, kumbe bado ananijua, narudi? Haki yake ipo. Mtu anaweza kuacha kitu miaka mitatu, na siku anapoona mwenzake anakiokota akakumbuka ni chake. Nitakuwa nimempelekea kwa miguu yangu.

Jumanne, 9 Agosti

Nimezunguka kwa walioalikwa. Nasema harusi imeahirishwa, bwana harusi ana safari ya ghafla. Wananitazama kama niliyeingiwa na wazimu. Mmoja kauliza kama nimemwona mwanamke mwengine huko Mombasa. Nikamjibu vibaya.

Shehe nilimwambia kweli. Nilidhani atanikataza. Kachukua kalamu, akaandika maneno ya talaka yanavyotakiwa yasemwe, na majina ya watu wawili wa kuaminika kule wa kuwa mashahidi. Kasema Riziki kamtangulia yeye kwa uchamungu, na kwamba jambo hilo limemuuma. Sikutegemea kusikia Shehe akisema hivyo.

Meli inaondoka Wete Alhamisi. Siku ile ile ya harusi. Nimecheka peke yangu dukani.

Redio sikuifungua tangu Jumamosi. Tanga, Dar es Salaam, sijui wanasema nini, na sitaki kujua.

Alhamisi, 11 Agosti

Wete, bandarini. Asubuhi. Hakuna upepo.

Kabla sijatoka nyumbani mlango uligongwa. Alfajiri, watu ndio kwanza wanatoka msikitini. Bi Mchanga. Peke yake, kutoka Madungu kwa miguu, Riziki hajui. Nilimkaribisha ndani akakataa. Alikuwa na kifurushi cha ukili kimefungwa vizuri sana, kwa fundo la wanawake wa zamani. Samaki wa ng'onda. Wakavu, wa kuchaguliwa, wasio na miba mingi. Faki alikuwa akiwala hivyo hivyo, bila kuchoma, tukiwa watoto, na bibi akimfukuza na mwiko.

Akanitia mikononi.

"Mpe ntu yule," kasema. "Mwambie mama wa marehemu kamsalimia."

Nilitaka kumsindikiza mpaka kwake, akanizuia kwa mkono. Aliondoka polepole, akipita karibu na ukuta.

Meli haijaanza kupakia. Nimekaa juu ya gunia, kifurushi mapajani. Kinanuka ng'onda, na watu wamenisogea mbali kidogo.