Bunduki Mbili, Karai Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Ziwa Kinosew, Saskatchewan ya Kaskazini
Jina: Verna Ballantyne (kwa baba: Merasty)
Umri: Miaka 52
Kabila: Mkrii
Kazi: Mpishi, shule ya msingi
Makazi: Nyumba ya tatu baada ya kanisa, njia ya kwenda gatini
Tarehe: 9 Oktoba 2019, kuanzia saa saba mchana
Mwandishi wa maelezo: Konstebo Arsenault

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa. Naomba pia iandikwe kwamba hii ni mara ya tatu tangu jana kuulizwa swali lilelile, na mara mbili za kwanza hakuna aliyeshika kalamu.

Angus Ballantyne ni mume wangu. Anaendesha greda la kuchonga barabara, ni kazi ya serikali. Simeon Merasty ni mdogo wangu, wa tumbo moja, kitinda mimba. Simeon hana mke wala mshahara. Anaishi kwa mitego na kuwinda, na nyama yake haili peke yake. Wajane wa mtaa wetu hupata fungu lao kabla yeye hajapata lake.

Kila mmoja ana bunduki, na zote ni za aina moja, ile ya zamani ya jeshi waliyoitengeneza Warusi na baadaye Wachina. Huku kwetu karibu kila nyumba inayo. Bei yake ni nafuu na haigomi kwenye baridi. Angus alinunua yake dukani Prince Albert, zilikuwa zimepangwa ukutani juu ya majiko ya kambi, hakuna aliyejificha. Simeon alinunua yake mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, kwa fundi wa mgodini aliyekuwa anahama. Nilikuwepo. Fundi alimwambia, "Ni ileile kama ya shemeji yako." Simeon aliigeuza huku na huku, akaniuliza, "Dada, unaionaje?" Nikamwambia ni ileile. Na mimi niliiona ni ileile. Zilikuwa zinafanana kama mapacha.

Mnamo tarehe 6 Oktoba, siku ya Jumapili, jioni, walirudi kwa mashua na musi dume, yule mnyama wa msituni mwenye pembe pana, mkubwa kushinda ng'ombe. Walipomaliza kuchuna na kugawa nyama waliingia jikoni kwangu, wakaweka bunduki zao mezani, wakasema migongo inauma. Hiyo maana yake ni kwamba kuosha ni kazi yangu.

Konstebo ananiuliza kwa nini bunduki ioshwe kwa maji. Namweleza tena. Risasi tunazotumia ni za jeshi, za zamani, zinauzwa kwa makasha. Ni rahisi lakini zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Usipoosha kwa maji yanayochemka, kesho yake unakuta kutu. Mama yangu alifanya hivyo na bunduki ya baba, na mimi nafanya hivyo. Unatoa chuma kwenye mti wake, yaani ubao wa kushikia na kitako, ili mti usilowe. Miti nikaiegemeza karibu na jiko. Vyuma vyote viwili nikaviweka kwenye karai moja, nikavimiminia birika baada ya birika.

Wao walikuwa mezani wanakula mbavu na kutaniana, kama mashemeji wanavyotaniana. Simeon alisema, "Shemeji, leo umepiga mti mara mbili. Mti ulikukosea nini?" Angus akasema, "Nilikuwa nakufungulia njia. Halafu wewe risasi ya nini? Musi akikunusa tu anakufa." Simeon akasema, "Basi ndiyo maana dada yangu alikubali kuolewa na wewe, huna pua." Nilikuwa nacheka wakati naunganisha. Nasema hivyo kwa sababu konstebo ameniuliza kama kuna kitu kilichonishughulisha. Nilikuwa nacheka, ndicho hicho.

Nilifuta vyuma, nikavipaka mafuta, nikachukua chuma kimoja nikakitia kwenye mti wa Angus na kingine kwenye mti wa Simeon. Kwetu bunduki inajulikana kwa mti wake. Kitako cha bunduki ya Angus kimeshonewa ngozi ya musi pale kilipopasuka alipoanguka na pikipiki ya theluji. Cha Simeon kina alama ya unyayo wa dubu, aliichoma kwa msumari wa moto. Hata ukinifumba macho nitakwambia ipi ni ya nani kwa kupapasa. Namba za kwenye chuma sikuziangalia. Ni ndogo kama mayai ya chawa na sikuwa na miwani. Hakuna mtu hapa Kinosew anayejua namba ya bunduki yake. Siku hizi bunduki za kuwinda haziandikishwi, na ninyi polisi wenyewe hamna daftari linaloonyesha namba ipi ni ya nani. Kama mngekuwa nalo nisingekuwa hapa, ningekuwa jikoni kwa watoto wa shule.

Mnamo tarehe 8 Oktoba, Jumanne, saa mbili asubuhi, mimi na Angus tulisimamishwa kwenye kizuizi cha darajani. Konstebo Arsenault, huyu anayeandika, alimwomba Angus leseni. Ilikuwa sawa. Akaomba kuona bunduki. Angus hakuwa ameitoa kwenye mfuko wake tangu Jumapili. Konstebo aliifungua akasema, "Hii ni bunduki ya vita." Angus akasema, "Ilikuwa, afande. Imestaafu." Konstebo hakucheka. Alitoa simu yake akaanza kulinganisha na picha. Nilimwona anatazama bunduki, anatazama picha, anatazama tena bunduki, mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

Kwanza alisema aina hii yote imekatazwa. Koplo wake akaja kutoka upande wa pili wa daraja akasema hapana, aina hii inaruhusiwa, hata baba mkwe wake anayo. Tukapanda gari kuondoka. Kisha wakasema tushuke kwanza, kwa sababu kuna matoleo. Hilo neno sikuwahi kulisikia likisemwa juu ya bunduki. Waliondoa kifuniko, wakapiga picha alama ya kiwanda na namba ubavuni, wakazituma kwa wataalamu mjini. Tulikaa kituoni hapa mpaka saa tisa alasiri. Jibu lilipofika lilisema kwamba chuma hiki si kama vingine. Ni cha toleo ambalo sheria inalihesabu kuwa ndugu wa bunduki zile za kupiga mfululizo, ingawa hii yenyewe haijawahi kupiga mfululizo na haiwezi. Niliuliza, "Kwa hiyo imekosa nini?" Koplo akasema, "Yenyewe haijakosa kitu, mama. Ni ukoo wake." Angus akawekwa ndani.

Nilikasirika na bado nimekasirika. Siku moja, bunduki moja, majibu matatu. Kama ninyi wenye simu na wataalamu mlihitaji kutwa nzima kujua ni toleo gani, Angus alitakiwa ajue kwa kuiangalia ukutani mwa duka? Nilisema hivyo jana na hakuna aliyeandika. Leo iandikwe.

Leo tarehe 9 Oktoba, saa tatu asubuhi, niliitwa kuitambua bunduki. Konstebo aliiweka mezani akaniuliza, "Unaitambua?" Nikaona ile ngozi niliyoishona kwa mkono wangu, nikasema, "Ni ya mume wangu." Kisha nikaona kinundu cha kulengea, kule mdomoni mwa mtutu. Kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya kucha. Rangi hiyo ni yangu. Simeon aliichukua bila kuomba, mwezi wa nane, kwa sababu alisema macho yake hayaoni kinundu cheusi jioni. Angus hajawahi kupaka kitu chochote pale.

Nikajua papo hapo nilichofanya kwenye karai. Chuma kilichokatazwa ni cha mdogo wangu. Nikasema naomba kumwona mume wangu.

Niliruhusiwa kuongea naye kwenye mlango wa mahabusu. Angus hakungoja niseme. Alisema, "Niliiona nyekundu jana, darajani, konstebo alipoinyanyua. Usiseme kitu." Nikamwambia atafungwa. Akasema, "Nitapata wakili. Simeon akinyang'anywa leseni ataishi vipi? Atakuja kulala jikoni kwetu, nami siwezi kuvumilia harufu yake." Alitaka nicheke. Sikucheka. Nilimwambia akitiwa hatiani greda atapewa mtu mwingine. Akasema, "Basi wapewe hilo greda. Usimtaje mdogo wako."

Nilirudi kukaa kwenye benchi la mapokezi na sikujua la kufanya. Nikisema kweli natoa ndugu, nikinyamaza natoa mume. Na wala si wizi uliotufikisha hapa, wala hakuna aliyeumizwa. Ni birika la maji ya moto.

Saa sita kasorobo Simeon aliingia mwenyewe. Alikuwa ng'ambo ya ziwa tangu jana alfajiri, na leo asubuhi akainua bunduki alenge, hakuona nyekundu. Alipofika gatini akasikia Angus yuko ndani, akapata picha yote. Aliweka bunduki yake kwenye meza ya mapokezi, ndani ya mfuko wake, akasema, "Afande, hiki chuma ni cha shemeji yangu. Hicho chenu ndicho changu. Mtoeni huyo mzee kabla hajawamalizia chakula."

Angus alimsikia kutoka ndani akapiga kelele, "Mwongo huyo! Zote mbili ni zangu. Huyu hata manati hana!" Simeon akasema, "Shemeji, wewe hata kudanganya unakosa shabaha." Konstebo alisema mmoja wao anasema uongo na atajua ni nani. Angus akasema, "Ni huyo, amezoea." Simeon akasema, "Dada yangu ndiye shahidi, aliolewa kwa uongo." Watu waliokuja kuchukua leseni za uvuvi walikuwa wanacheka. Mimi sikuweza. Wanaume wawili wazima wanagombania kosa kama wanaogombania kulipa bili, na ninawajua wote wawili, hakuna atakayeachia.

Konstebo aliniita chumbani. Alisema maneno yao hayamsaidii, kwa kuwa shemeji anaweza kumfunika shemeji, na kwamba mtu pekee aliyezishika zote mbili zikiwa zimefunguliwa ni mimi. Nilimwuliza itakuwaje kwa yule nitakayemtaja. Akasema hawezi kuahidi kitu, mwendesha mashtaka ndiye anayeamua. Nikamwambia, basi niambie ni kitu gani katika nchi hii mtu mmoja anaweza kukiamua. Alijisugua macho. Nadhani naye alikuwa amechoka.

Nilipotoka kunywa maji Simeon alikuwa benchini. Hakutania. Alisema kwa sauti ya chini, "Sema, dada. Sitaki kula nyama mwaka mzima huku namwona yeye hana kazi kwa sababu yangu. Nilinunua kwa pesa yangu, kwa macho yangu." Nikamwambia, "Kwa macho yangu pia, uliniuliza." Akasema, "Hilo usiliandikishe." Naliandikisha.

Kwa hiyo nasema hivi, na iandikwe neno kwa neno. Chuma chenye namba mliyoikataza ni cha mdogo wangu Simeon Merasty. Mti ni wa mume wangu. Aliyeviunganisha ni mimi, kwa kutokuangalia, nikidhani chuma ni chuma. Simeon alikinunua mbele yangu, na hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyejua kwamba kina ndugu walioharamishwa. Aliyemuuzia alisema ni ileile. Koplo wenu naye, kwa mdomo wake, darajani, alisema inaruhusiwa.

Konstebo amenishukuru kwa kusema kweli. Sitaki shukrani hiyo. Nimemtaja mdogo wangu kwa mdomo huu niliomtafunia chakula akiwa hana meno.

Nimesomewa yote niliyosema, nimesahihisha mahali pawili alipoandika "alidai" nikamfanya aandike "alisema". Ni maneno yangu, na nimeyatoa kwa sababu hakuna mwingine wa kuyatoa.

(Sahihi) Verna Ballantyne

MAELEZO YA MWANDISHI: Nathibitisha kwamba maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Arsenault, na kumsomea shahidi kabla ya kusaini. Yamekamilika saa tisa alasiri. Bunduki zote mbili zimehifadhiwa kama vielelezo. Simeon Merasty amewekwa mahabusu saa tisa na nusu akisubiri uamuzi wa mwendesha mashtaka. Angus Ballantyne ameachiwa muda huohuo, amerudishiwa leseni na funguo za gari. Amekataa kuondoka. Yeye na shahidi wamekaa benchi la mapokezi, upande ulio karibu na mlango wa mahabusu, na anazungumza na mahabusu kupitia mlangoni ingawa nimemkataza. Nimewaeleza wote wawili kwamba mapokezi hufungwa saa kumi na moja jioni. Shahidi amenijibu kwamba nifunge tu.