Chuo Ndicho Kihamba Chake

Uru, Moshi
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpenzi Bertha,

Shikamoo dada. Wewe na shemeji hamjambo? Watoto je? Na mama, mguu umepungua kuvimba? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, siku hizi nalala na sweta moja tu.

Najua barua zangu mnazisomeana jikoni mkicheka: Deo kaniletea chai kitandani, Deo kanichumia ua njiani. Yote yale ni kweli. Hata leo nikimwona anapanda kutoka stendi na shati lake jeupe alilolifua mwenyewe, moyo unanidunda kama siku ile alipoingia dukani Morogoro na karatasi zake nimpigie chapa. Ndiyo maana hili limeniuma kupita kiasi. Mama msomee taratibu, akiwa amekaa.

Unakumbuka Deo alivyotuambia pale nyumbani Kilosa. Alisema serikali imesimamisha ajira, wanaomaliza chuo hawapangiwi vituo tena kama zamani, kwa hiyo tutakaa kwa wazazi wake tukilima kihamba chake, huku tukisubiri. Kihamba ni shamba la ukoo, la migomba na kahawa. Mtoto wa kiume hupewa na baba yake, akajenga hapo. Tulipofika, alinionyesha hadi mahali pa nyumba. "Dirisha letu litatazama mlima," akasema. Nami nikakuandikia kwa kujidai kwamba tuna shamba.

Tulipewa chumba alichokuwa akilala tangu shule ya msingi, na kitanda chake cha futi tatu. Hatukujali. Kila asubuhi Deo anashuka mjini na bahasha ya vyeti, mimi nabaki na mama mkwe tukikata majani ya ng'ombe na kupika mtori wa ndizi. Mchana nalima. Miezi miwili nimelima, dada! Nimepanda maharage chini ya migomba, nimepalilia kahawa iliyoachwa tangu bei ianguke. Viganja vyangu vimekuwa kama vya baba. Aloyce, mdogo wake Deo, kitinda mimba wa nyumba hii, akipita ananiambia, "Shemeji, una nguvu wewe!" Mama mkwe ananiletea maziwa shambani. Baba mkwe anatikisa kichwa tu, anapita.

Jumanne nikaona nipanue tuta. Kulikuwa na mstari wa yale majani marefu wanayoyaita masale. Nilidhani ni mapambo. Nilipong'oa la sita, mama mkwe akatoka zizini mikono kichwani.

"Mae! Mae! Huyu mtoto anang'oa mpaka!"

Kumbe masale ndiyo mpaka huku. Wazee wa ukoo wakishayapanda, hakuna wa kuyagusa. Aloyce akaja mbio.

"Shemeji, umetoka Kilosa kuja kutuhamishia mipaka?"

"Mpaka gani? Si huku kote ni kwa Deo?"

Akacheka. Dada, alicheka! "Kwa Deo? Muulize msomi wako. Kule juu ni kwa kaka mkubwa. Hapa unapolima ni kwangu, na nyumba unayolala pia. Deo alisomeshwa."

Nikamgeukia mama mkwe. Akainama. "Tulidhani atakuambia mwenyewe, mwanangu."

Kwa hiyo wote walijua, na walinitazama nikilima.

Deo aliporudi alinikuta nimekaa kitandani na udongo wangu miguuni. Nikamuuliza, kihamba chako kiko wapi? Ndipo akasema. Mwaka alioingia chuo kikuu, baba yake aliita ukoo, mbege, pombe yao ya ndizi, ikapikwa, naye Deo akanywa mbele yao na kukubali kwamba fungu lake ni masomo. Ardhi ikagawiwa wale wawili, masale yakapandwa siku hiyo hiyo.

"Ningekuambia, ungekubali kuja?"

"Ungeniacha nikubali mwenyewe, Deo."

Nikamwambia aende kwa baba yake, aombe japo pa kujenga. Akaenda. Nilisimama mlangoni nikimwona, mtu mwenye digrii, amefumbata mikono kama mtoto aliyevunja kikombe. Baba mkwe hakugomba.

"Deo, kahawa ya miaka yote ile uliila shuleni. Chuo ndicho kihamba chako. Nikikukatia cha Aloyce, nitawaambia nini wale waliokunywa mbege yako?"

"Lakini baba, kazi hakuna."

Mzee akainuka. Kisha akasema, "Mimi niliambiwa zitakuwepo. Nani alikuja kuniambia zimekwisha?" Akaondoka kwenda kwa ng'ombe. Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Kesho yake mimi na mama mkwe tuliyarudisha masale, moja moja, Aloyce akituonyesha mstari. Maharage ameniruhusu nivune yakikauka. Deo nilimnunia siku tatu. Hata chai yake sikunywa, ingawa niliitamani.

Mwambie mama asitume kabati wala vyombo, hakuna pa kuweka. Na wale kina mama wa jumuiya waliopanga kuja kuona ninapokaa, waambie wasubiri. Msalimie baba, na shangazi aliyenishonea gauni la harusi, na mzee wa duka aliyenifundisha kupiga chapa.

Jana Deo kapata kibarua Himo, kuandika hesabu ya magunia ya mahindi kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja. Mshahara mdogo, na wenzake wameishia darasa la saba. Tayari wanamwita Profesa. Anasema amepanga chumba karibu na soko. Ameniuliza kwa sauti ya chini, "Utakuja?"

Nampenda, dada, usinicheke. Nilimjibu kwamba nitakuja, lakini safari hii sikunji hata khanga moja kabla sijafika. Kesho nashuka Himo peke yangu. Nitamtafuta mwenye nyumba, nimuulize jina la aliyepanga, na nishike ufunguo kwa mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Yustina, Mama Mwenye Nyumba asiye na nyumba