Mtu Wangu Aliyebaki Mtoni

Gisenyi, Jumanne

Na bado nina hasira, ila sasa sijui nimkasirikie nani.

Leo kwenye foleni ya Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa kwenda Goma, nimekutana na Désiré, aliyekuwa msimulizi wa mchezo wetu tulipokuwa vijana. Yeye alisimulia safari, sisi watatu kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni ndani ya hadithi, na bahati tuliichomoa kwenye soksi yenye vifuniko ishirini vya soda, vyenye namba moja hadi ishirini. Kupata kumi na nne kwenda juu ni nafasi saba kati ya ishirini. Hesabu nilijifunza pale, si shuleni.

Kisha nikaanza kuuza viazi kila Jumamosi, nikaacha kwenda Goma kucheza. Nikasikia wamemuua mtu wangu bila mimi kuchomoa hata kifuniko kimoja. Nimelibeba hilo miaka ishirini na miwili.

Leo nikamtolea dukuduku langu: "Désiré, muliniulia mutu wangu."

Akacheka. "Nani alikudanganya? Tulimuacha ku muto, analinda mizigo. Kila Jumamosi tunauliza, ule mutu iko pale? Iko. Bon, tunaendelea. Soksi ningali nayo. We kuja tu."

Nikamjibu Jumamosi ni siku ya kazi. Nilijibu haraka mno.

Kumbe hakuna aliyenifukuza. Mimi mwenyewe ndiye...

Nimemwomba mke wangu apime viazi Jumamosi hii. Akauliza naenda wapi. Nikasema kuna mtu ananingoja Goma tangu zamani. Akanisukumia mizani: basi huyo mwanamke wako na akupimie viazi.