Wake wa Wayahudi, na Wangu

Jumapili, mvua haijakatika

Na mwanzoni nilikuwa nacheka tu.

Mwinjilisti wetu, kijana wa juzi, katusomea habari za Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Wakaambiwa wawaache wake zao wa mataifa mengine, pamoja na watoto. Wanaume wakakaa uwanjani kwenye mvua kubwa, wanatetemeka.

Nikanyoosha mkono. "Walitetemeka kwa toba, au kwa baridi kama hii yetu ya Lushoto?"

Akina mama wakaangua kicheko.

"Mzee, tuko kanisani."

"Haya. Hao wanawake walikwenda wapi?"

Akafunua mbele, akarudi nyuma, akafunua tena. "Haijaandikwa, mzee."

Nikakaa. Shule niliishia darasa la nne, lakini swali hilo nilikuwa na jibu lake. Mimi ni mmoja wa wanaume wale. Enzi za ujana wangu wazee wa usharika walinipa nichague: Meza ya Bwana, au Zaituni, mke wangu Mwislamu. Nikachagua kile kipande cha mkate kisichojaza hata jino. Tangu siku ile sijashiba.

Haijaandikwa, basi naandika mimi. Zaituni alirudi kwao Shume asubuhi, kwa miguu, binti yetu mgongoni, mvua inanyesha hivi hivi. Nilisimama mlangoni mpaka kanga yake ya njano ikamezwa na ukungu.

Mwavuli ulikuwa nyuma ya mlango. Sikumpa.

Upo pale pale mpaka leo.