Kupekuliwa kwa Yunisi na Baba Mkwe Wake

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, barabara ya Tunduma, tarehe 18 Oktoba 1954.

Jina: Nesta binti Hezron. Umri: miaka 31. Kabila: Mndali. Dini: Mkristo. Kazi: mwalimu wa kushona na msimamizi wa bweni la wasichana, shule ya kati karibu na Igamba. Anakaa: hapo hapo shuleni.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Baba yake Yunisi hataki neno hili lisemwe, anasema aibu ikifunikwa hupoa. Mimi sioni kama imepoa.

Yunisi ni mwanafunzi wa darasa la nane, msichana wa Ibaba, ambako ndiko kwetu pia. Mwezi Juni alichumbiwa na kijana anayeitwa Asajile, na ng'ombe wa kwanza wakapokelewa. Wazazi wa pande zote mbili walikubali amalize kwanza mtihani wa darasa la nane. Ndiye msichana pekee wa Ibaba aliyefika darasa hilo.

Naomba hapa uandike vizuri, Koplo, maana wewe si mtu wa milimani. Kwetu ng'ombe akishapokelewa, msichana haonekani tena na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia porini. Akikosa pa kuingia anajifunika uso na kugeuka. Jina lake halitaji, na yeye mzee hamtaji msichana. Kumgusa ndiyo usiseme. Hayo si mambo ya wapagani peke yao. Kanisani kwetu mkwe huingia kwa mlango wake, na mchungaji anajua.

Baba yake Asajile anaitwa Mbonile. Ni tarishi wa baraza la wenyeji, anavaa kofia na sare. Tangu mwezi huo wa Juni hakukanyaga shuleni kwetu. Barua za baraza alikuwa anaziacha dukani ili asikutane na mkwewe.

Mnamo tarehe 7 Oktoba, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mwalimu mkuu, Bwana Efraimu, alipigisha kengele. Alisema mkasi mmoja wa darasa la kushona haupo, na mkaguzi wa shule anakuja wiki ijayo. Mkasi, Koplo! Hata kanisa lingepotea asingepiga kengele namna ile. Aliwapanga wasichana mstari uwanjani, kila mmoja na sanduku lake mbele yake, na wavulana akawaweka upande wa pili wakitazama.

Nilimwuliza kama amepata hati ya hakimu ya kupekua masanduku. Alicheka. Alisema, "Mwalimu Nesta, hapa mimi ndiye baba yao. Baba hahitaji karatasi kufungua sanduku la mwanawe." Nikamwambia, "Basi yafungue bwenini, mimi nikiwapo, wavulana wasione." Akasema aibu ndiyo dawa ya wizi.

Wakati huo Mbonile akaingia getini. Mwalimu mkuu alikuwa amemwomba barazani ili watoto waogope sare. Mbonile aliambiwa tu kuna wizi shuleni, na agizo la baraza halikataliwi. Nadhani aliwaza atasimama getini.

Yunisi alimwona. Alijitanda kanga usoni, akachukua mbio, akapita kwenye mibuni nyuma ya jiko. Wasichana wa Ileje, huko kwetu milimani, wote walielewa. Mwalimu mkuu akapiga makofi, akasema, "Mwizi amejitaja! Asiye na kosa hakimbii." Akawatuma wavulana. Walimrudisha wakimburuta, wengine wanapiga miluzi, goti lake linatoka damu, lakini kanga ya usoni ameishika kwa mikono miwili.

Nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Bwana mkubwa, huyo tarishi ni baba mkwe wake. Hakukimbia mkasi, amemkimbia mkwe." Akanijibu, "Mila za milimani zinaishia getini kwangu." Kisha akamgeukia Mbonile: "Tarishi, anza na huyu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoe hiyo kanga nimwone uso."

Mbonile alivua kofia. Alisema, "Mwalimu, wengine wote nitawapekua. Huyu siwezi, baba." Alimwita baba mtu wa umri wa mwanawe. Mwalimu mkuu akasema, "Una kofia ya serikali au huna? Nimwandikie Bwana Shauri wa wilaya leo kwamba tarishi wake anaficha mwizi kwa sababu ni wa kwake?" Mbonile ana watoto sita na mke mgonjwa. Alivaa tena kofia yake.

Aligeuza uso kando, akanyoosha mkono kama kipofu, akaivuta kanga. Yunisi alilia kilio ambacho sikupata kukisikia kwa mtu aliye mzima. Mwalimu mkuu akasema, "Sasa sanduku." Ufunguo ulikuwa shingoni mwa msichana. Mbonile alilazimishwa kuukata uzi. Sanduku likamwagwa chini: Biblia, sabuni, gauni la Jumapili, na vitambaa vyake vya mwezi ambavyo alivikunja vizuri ndani ya gazeti. Mwalimu mkuu alivichakura kwa fimbo, kimoja kimoja, akakiinua kimoja juu. Wavulana walicheka. Mbonile aliona vyote, maana sasa alikuwa ameinama juu ya sanduku.

Mkasi haukuwamo. Mwalimu mkuu akasema, "Basi ameutupa kwenye mibuni alipokuwa anakimbia." Akamfukuza shule pale pale. Masanduku mengine hakuyafungua.

Mbonile alikwenda kwenye pipa la maji la jikoni akaosha mikono, akaosha tena. Nilimpelekea sabuni. Hakuipokea, akaondoka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, lakini siku ile hata mimi niliyesimama pembeni ulinichoma.

Juzi Jumamosi nilikwenda Ibaba. Watu wa Asajile wamesema hawawezi kuoa msichana ambaye mzee wao amemfunua. Mama yake Yunisi amesema hawezi kukaa naye jikoni mpaka atakaswe, na wa kumtakasa ni hao hao watu wa Mbonile, ambao hawataki kuja. Shule haimtaki, na mtihani umefanyika wiki iliyopita bila yeye. Anakaa kwenye kibanda cha bibi yake, chakula anawekewa mlangoni. Alijifunika nilipoingia, hata mimi. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwenye mtihani wa hesabu walitoa nini?" Nililia mbele ya mwanafunzi wangu, wala sioni haya kusema hivyo.

Nimeulizwa kama sheria ilivunjwa. Koplo ameniambia hati ni kwa ajili ya nyumba ya mtu, na bweni si nyumba ya mtoto. Nimejibu kwamba sanduku lile ni lake, baba yake ndiye aliyemnunulia, lina kufuli, na aliye na ufunguo ni yeye. Kama hilo si lake, basi sijui mtoto ana nini duniani.

Nimeulizwa kama Yunisi anaweza kuja kusema mwenyewe. Nasema atakuja, ila aitwe na mwanamke, na asiwekwe mbele ya wanaume wengi. Mkinitaka mimi nikamwite, nitakwenda hata leo.

Nimesomewa, nimesikia, na hakuna neno ninalolirudisha.

Sahihi: Nesta Hezron

Maoni ya mpokeaji: Shahidi ana hasira lakini anaeleweka. Asitumwe kumwita msichana, asije akamfundisha la kusema. Bila maneno ya msichana mwenyewe jalada litafungwa. Kituo hakina askari mwanamke. Baraza limeombwa mtu anayezijua njia za Ibaba, nalo limemtoa tarishi Mbonile. Ameondoka leo saa nane mchana na amri ya maandishi ya kumleta msichana, kwa nguvu ikibidi.

Koplo Danieli