Ng'ombe wa Ndegwa Hakufaa Kupasuliwa

Baba,

Ndegwa anauza shamba. Ndiyo, Ndegwa jirani yetu, yule aliyekuita umchune ng'ombe wake aliyekufa ghafla, ukaenda mbio na kisu chako. Amekata ploti nne hapa Kalimoni, na moja iko palepale mlipomchunia. Jumamosi wanunuzi wanakuja kuona.

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi, kwa hivyo vumilia mwandiko.

Unakumbuka ulivyorudi na fungu lako la nyama? Mama aliona damu inachuruzika tu, haigandi, akalitupa kwenye choo cha shimo. Ulinuna siku mbili. Ati anayemsaidia jirani kuchuna harudi mikono mitupu! Haki, Baba, ulikuwa na kichwa kigumu. Kisha kikaja kile kipele chini ya sikio, pale ulipojikuna na mkono wenye damu. Kikawa kidonda, katikati cheusi kama mkaa. Nikakuambia twende hospitali Thika, ukasema, "Hakiumi, Wairimu. Kwa daktari nitaenda kusema nini?" Tulipokupeleka shingo ilikuwa imefura, huwezi kumeza hata mate.

Daktari alinieleza tukishakuzika. Ni kimeta, ugonjwa wa mifugo unaompata hata mtu. Kidonda chake hakiumi, ndiyo maana watu wanakidharau. Bakteria wake wanajivika koti, askari wa mwili wanashindwa kuwameza. Halafu wanatoa sumu ya sehemu tatu: moja inafungua mlango wa seli, mbili zinaingia. Ya kwanza kati ya hizo mbili inajaza mwili maji, ndiyo ile shingo yako. Ya pili inaua.

Lakini lililonichoma ni hili. Ng'ombe wa kimeta akiachwa bila kupasuliwa, wengi wa bakteria hao hufia humo humo anapooza. Ukimpasua, wanapata hewa, na kila mmoja anajifungia kwenye ganda gumu linalokaa udongoni miaka na miaka, jua na mvua visilifanye kitu. Ni kisu chako kilichowafungulia, Baba. Na Ndegwa alijua! Ndama wake alikuwa amekufa vivyo hivyo, damu puani, na daktari wa mifugo akamwambia asithubutu kupasua, azike chini kabisa na chokaa. Mke wa Ndegwa ndiye aliyemwambia Mama, akilia. Ndegwa alinyamaza kwa kuogopa maziwa yake yatapigwa marufuku. Akakuacha uiname juu ya ule mzoga, akakushikia mguu, akacheka mzaha wako.

Halafu kwenye mazishi yako akashika koleo, akatupa udongo! Ningejua siku ile ningemnyang'anya mbele ya pasta.

Jana alikuja kwenye agroveti ninakouza dawa za mifugo, Ruiru, kofia mkononi. "Wairimu, mwanangu, haya mambo tumwachie Mungu." Nikamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yake. Mama amemsamehe. Anataka Jumamosi niwaonye wanunuzi kwa upole, kwa ajili ya watoto watakaochezea udongo wa msingi. Sawa, nitaenda, na watu wa mifugo wa kaunti nimeshawaita. Lakini wewe sitakudanganya. Mtu mwema angewafikiria hao watoto kwanza. Mimi ninalolisubiri ni uso wa Ndegwa, gari la wanunuzi likigeuza kurudi barabarani. Nikifikiria hivyo, ndipo chakula kinapita.

Pumzika, Baba. Nakuahidi hiyo ploti haitachimbwa nikiwa hai. Itazungushiwa seng'enge, iote nyasi zisizoliwa na ng'ombe yeyote, na Ndegwa ataiona kila asubuhi akifungua mlango. Akiinua macho, ataniona na mimi ng'ambo ya ua, nikimwangalia.

Binti yako,
Wairimu